Je, Wajua? Glaida, Mtelezaji wa Usiku Mpenda Utomvu

Aliyekulia pwani anaijua sauti ya komba. Usiku umetulia, taa zimezimwa, mara kutoka juu ya mwembe kinasikika kilio kama cha mtoto mchanga, na mtoto wa kweli aliyelala chumbani anamsogelea bibi yake. Asubuhi mgema anapanda mnazi, anakuta tembo limepungua kibuyuni, wala hana haja ya kuuliza nani kapita. Komba ana macho makubwa, vidole vya kushikia, mkia mrefu, na hamu isiyokwisha ya kitu chochote kitamu kinachochuruzika mtini.

Sasa vuka Bahari ya Hindi uelekee mashariki na kusini, mpaka misitu ya Australia na kisiwa cha New Guinea. Huko nako usiku una mnyama wake mwenye macho makubwa, vidole vya kushikia, mkia mrefu na hamu ileile. Kwa Kiingereza anaitwa shuga glaida, yaani mtelezaji wa sukari. Hapa nitamwita glaida tu. Ukimweka karibu na komba mdogo utadhani ni watoto wa shangazi na mjomba, lakini hawana undugu. Komba yumo katika ukoo wa kima, nyani na binadamu. Glaida yumo katika ukoo wa kangaruu. Kazi ya usiku ni ile ile, chakula ni kile kile, na maumbile yamefika pale pale kwa njia mbili zisizokutana.

Siku hizi picha zake zinazagaa kwenye simu: glaida ndani ya mfuko wa shati, glaida juu ya bega la msichana, glaida akiruka kutoka kwenye pazia hadi kiganjani mwa mtu. Wengi wanaulizana ni mnyama gani huyu, na wengine wanauliza anauzwa wapi. Kabla ya swali la pili, tujibu kwanza swali la kwanza.

Uzito wa chungwa

Je, wajua kwamba glaida mzima ana uzito wa kati ya gramu 95 na 160? Dume mkubwa ana uzito kama wa chungwa moja la wastani. Mwili wake una urefu wa sentimita 16 hadi 21, na mkia karibu sawa na mwili. Manyoya ni ya kijivu, laini sana, tumbo lina rangi ya maziwa yaliyoganda, na mstari mweusi unaanzia kati ya macho, unapita utosini na kushuka mgongoni.

Jina lake la kisayansi ni Petaurus breviceps, na tafsiri yake ni tamu: mcheza sarakasi wa kambani mwenye kichwa kifupi.

Angalia miguu yake ya nyuma. Kidole cha kwanza hakina ukucha. Kimejitenga na vingine kama dole gumba letu, kikamsaidia kukamata tawi. Kidole cha pili na cha tatu vimeungana kwa ngozi, kucha zake mbili zikatokeza pamoja kwa juu. Hicho ndicho kitana chake. Glaida hutumia muda mwingi kujichana, na anachana kwa mguu.

Hana mbawa

Je, wajua kwamba glaida haruki kama popo? Popo hupiga mbawa, akapanda juu au akashuka atakavyo. Glaida hawezi kupanda hewani. Alichonacho ni utando wa ngozi yenye manyoya unaoanzia kidole cha tano cha mkono hadi kidole cha kwanza cha mguu, ubavu huu na ubavu ule. Akiwa ametulia, utando hujikunyata ubavuni kama shati lililompwaya. Akitaka kuhama mti, hujisukuma kwa miguu ya nyuma, hutandaza mikono na miguu, na mnyama aliyekuwa kama panya hugeuka kijamvi kinachoelea gizani.

Kwa mruko mmoja anaweza kwenda hadi mita 50. Hesabu ya mteremko wake imepimwa: kwa kila mita moja anayoshuka, husonga mbele karibu mita 1.8. Usukani ni mwili wenyewe. Akikaza utando wa upande mmoja na kulegeza wa pili, anakata kona, mkia unamsawazisha. Akibakiza kama mita 3 kufikia shina analolilenga, huvuta miguu ya nyuma karibu na mwili na kujipinda kuelekea juu, kasi ikapungua, kisha akatua kwa mikono na miguu yote minne kwa mpigo mmoja. Mtazamaji aliye chini husikia kishindo kidogo kwenye gome, basi.

Kwa nini ahangaike hivyo badala ya kushuka na kutembea? Kwa sababu ardhi ni hatari. Chini kuna kenge, nyoka, na tangu walipofika Wazungu, kuna pia mbweha na paka. Angani nako kuna bundi, hivyo glaida hawako salama popote, lakini sekunde tatu hewani ni nafuu kuliko safari ya dakika nzima kwenye majani makavu. Isitoshe, misitu ya mikaratusi haikusongamana kama misitu ya mvua. Mti na mti vina nafasi kati yake, na anayeteleza hutumia nguvu kidogo kuliko anayeshuka shina hili na kupanda lile.

Afrika nayo ina watelezaji wake, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Katika misitu ya Kongo, Uganda hadi Tanzania yumo mnyama afananaye na kindi, mwenye magamba makali chini ya shina la mkia yanayomsaidia kushika gome. Naye ana utando, ila wake unashikiliwa na kijiti cha gegedu kinachotokeza kwenye kiwiko. Kindi watelezao wa Asia na Marekani wana kijiti cha namna hiyo kwenye kifundo cha mkono. Glaida hana kijiti chochote. Ukizitazama ngozi hizo tatu, unaona kwamba kila ukoo uligundua njia ya kuteleza peke yake, bila kumwangalia mwenzake.

Sukari yenyewe ni ipi?

Jina linawapotosha watu, na upotoshaji huu umegharimu maisha ya glaida wengi waliofugwa. Wanasikia sukari, wanawaza biskuti na asali ya dukani.

Porini chakula chake kinafuata majira. Wakati wa joto hula zaidi wadudu: nondo, mbawakawa, viwavi, pia buibui. Anayemwona glaida akiwa na nondo mikononi, akimng'oa mabawa na kumtafuna kuanzia kichwani, hatamwita tena mla sukari. Miti ikichanua, hulamba mbochi na kula chavua, na katika kufanya hivyo hubeba chavua usoni kutoka ua hadi ua, kama wafanyavyo popo wetu kwenye mibuyu. Baridi ikiingia na wadudu wakaadimika, hapo ndipo utamu unapochukua nafasi. Hutoboa gome la mkaratusi kwa meno ya chini yaliyochongoka mbele kama patasi, akasubiri utomvu uchuruzike. Hula pia majimaji matamu yanayoachwa na wadudu wafyonzao majani, na gundi ya migunga.

Hiyo gundi si chakula rahisi. Sukari zake zimefungamana kiasi kwamba tumbo la kawaida haliziwezi. Glaida ana kifuko kikubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, na ndani yake wanaishi bakteria wanaoichachusha gundi mpaka itoe nguvu. Ni kama pipa la kuchachushia pombe ambalo mnyama anatembea nalo. Komba wetu naye hula gundi ya migunga, tena wakati wa kiangazi ndiyo inayomvusha.

Na hapa kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote. Kusini-mashariki mwa Australia, katika jimbo la Victoria, mojawapo ya miti ambayo glaida huitegemea kwa gundi ni Acacia mearnsii. Msomaji wa Njombe, mti huo unaujua: ndio muwati. Ndio ule ule uliopandwa kwenye nyanda za juu za Tanzania na Kenya, magome yake yakapelekwa viwandani kutoa dawa ya kulainishia ngozi za viatu. Mikaratusi nayo tuliipokea kutoka huko huko, tukajengea, tukachomea mkaa, tukapandisha nguzo za umeme. Tumekaa na miti hiyo zaidi ya miaka mia, tukaizoea kama yetu, bila kujua kwamba kwao kila usiku kuna vidole vidogo vinavyopapasa magome yake kutafuta mlo.

Kujizima

Je, wajua kwamba glaida anaweza kujizima kama mtu anayepunguza utambi wa taa? Siku za baridi, mvua na njaa, badala ya kupoteza nguvu akitafuta chakula kisichopatikana, huingia pangoni mwa mti, hujikunja, na kuuacha mwili upoe. Joto la mwili linaweza kushuka hadi kukaribia nyuzi 10 za Selsiasi. Moyo hupiga polepole, pumzi huwa za kuhesabika. Hukaa hivyo kwa saa nyingi, kisha mwili huanza kujipasha upya na mnyama huamka akiwa mzima.

Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakiwafuatilia glaida wa jimbo la New South Wales kwa vipimo vya joto walishuhudia jambo hili katika mazingira ambayo hawakuyapanga. Dhoruba kali yenye nguvu ya kimbunga ilipiga eneo hilo. Usiku ule, wakati upepo ukiangusha miti, zaidi ya nusu ya glaida waliokuwa wakipimwa walijizima, idadi kubwa kuliko usiku wa kawaida. Hawakutoka nje kabisa. Dhoruba ilipopita waliamka na kurudi kwenye kazi zao. Mwili wa gramu mia na kitu ulikuwa umepata jibu la kimbunga: lala, usubiri.

Nimelitaja hili pia kwa sababu ya wafugaji. Glaida aliyepoa ndani ya chumba chenye baridi anaweza kudhaniwa amekufa, akazikwa hai.

Harufu ndiyo kitambulisho

Glaida hawaishi peke yao. Pango moja la mti huwa na wakubwa hadi 7 pamoja na watoto wa msimu, wamelala wameviringana kama vitumbua kwenye sahani. Kitanda ni majani ya mkaratusi. Kuyaleta nyumbani ni kazi ya mkia: glaida huchuma majani, huyafunga kwa mkia uliojikunja, na kuyabeba mpaka ndani.

Dume mkubwa wa kundi ana upara utosini. Anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani ana ugonjwa wa ngozi, kumbe hapo ndipo ilipo tezi ya harufu. Nyingine iko kifuani, nyingine karibu na mkundu. Hupaka harufu yake kwa majike, kwa watoto, kwa matawi ya mpakani. Kila mmoja kwenye kundi hubeba harufu hiyo, na asiyekuwa nayo ni mgeni, naye atapokewa kwa meno. Kundi zima linatambuana gizani kwa pua.

Na sauti je? Wana mbweko mwembamba kama wa kijibwa, wanaoweza kuurudia tena na tena kutahadharishana. Wana mlio wa kukoroma na kukereza, mkali kuliko mwili unaoutoa, kama nyenje wengi waliofungiwa kwenye kopo. Huo ni wa hofu. Mnyama anayeutoa mkononi mwako anakwambia umwache.

Mtoto wa siku kumi na sita

Mimba ya glaida huchukua siku 15 hadi 17 tu. Mtoto huzaliwa akiwa na uzito wa karibu gramu 0.2, kipofu, hana manyoya, ngozi inapitisha mwanga. Mikono yake tu ndiyo iliyokomaa kidogo, na kwa mikono hiyo hutambaa juu ya manyoya ya mama mpaka mfukoni, akashika chuchu. Chuchu huvimba ndani ya kinywa chake asiweze kudondoka. Mara nyingi huwa wawili.

Mfukoni hukaa takriban siku 70. Akizidi ukubwa wa mfuko hutoka na kuachwa kitandani kwenye majani kwa wiki kadhaa zaidi, na hapa baba anaingia. Watoto hawawezi bado kuhifadhi joto lao. Mama akienda kutafuta chakula, dume huwafunika kwa mwili wake. Katika wanyama wenye mfuko, baba wa namna hii ni wachache mno. Kangaruu dume hajui hata mtoto wake ni yupi.

Maumbile ya uzazi nayo ni ya ajabu kwa macho yetu: jike ana vizazi viwili, na uume wa dume umegawanyika sehemu mbili kwenye ncha. Ndivyo walivyo wengi katika ukoo huo mkubwa wa wenye mifuko.

Kutoka pangoni hadi mfukoni mwa shati

Marekani ndiko ufugaji wa glaida ulikoshika moto, tangu miaka ya 1990. Ukimtazama mnyama huyu unaelewa kilichowavuta watu. Ni mdogo, hana harufu kali kama ya mbwa aliyenyeshewa, anapenda kulala ndani ya kitu kilichofungwa na chenye joto, na akimzoea mtu anamrukia na kumshika kwa vidole vyake vyote. Wafugaji humtia kwenye kifuko cha kitambaa kinachoning'inia kifuani mchana kutwa, alale karibu na mapigo ya moyo, aizoee harufu ya mwenye nyumba. Hilo linafanya kazi. Mnyama anayetambua jamaa kwa harufu humpokea binadamu kwa njia hiyo hiyo.

Lakini kila kinachompendezesha kina upande wake wa pili, na mimi naona ni haki usemwe kabla fedha haijatolewa mfukoni.

Wa kwanza ni upweke. Glaida aliyefungiwa peke yake huumia. Wengine hujing'oa manyoya, wengine hujitafuna mkia, mguu au sehemu za siri mpaka jeraha linawaua. Ndiyo maana madaktari wa wanyama wanaowajua husisitiza wafugwe wawili au zaidi, dume akihasiwa wasije wakazaana kizimbani bila mpango. Saa mbili za kubembelezwa jioni na mtu hazijazi nafasi ya wenzake sita waliomzunguka pangoni.

Wa pili ni mlo. Nimesema jina lake limewapotosha watu. Anayepewa matunda matamu na vitafunio kila siku atavipenda, atanenepa, meno yataoza, na baya zaidi, atakosa kalsiamu. Chakula chenye fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo kinafanya mwili uichote kalsiamu kwenye mifupa yake wenyewe. Mfugaji anaamka siku moja na kukuta glaida anaburuta miguu ya nyuma. Wakati mwingine kupooza huku kunatibika kama kumewahiwa, wakati mwingine uti wa mgongo umeshavunjika. Glaida wa kufugwa anahitaji mchanganyiko uliopimwa wa protini, mboga, matunda kidogo, wadudu walioshibishwa vizuri, na kalsiamu ya kuongeza. Si kazi ya kubahatisha, na si kila mji una daktari wa wanyama anayeujua mwili huu.

Wa tatu ni usiku wenyewe. Macho yale makubwa yaliumbwa kwa giza. Wakati wewe unavuta shuka, yeye ndiyo kwanza anaamka, anabweka, anapiga mbio kwenye nondo za kizimba, anatupa vyombo. Hafundishiki kwenda haja mahali pamoja. Anahitaji kizimba kirefu kwenda juu, chenye matawi na vifuko vya kulalia, na chumba chenye joto la nyuzi zisizopungua 24 hivi.

Na umri. Akitunzwa vyema huishi miaka 10 hadi 12, wengine 15. Mtoto wa darasa la tatu anayenunuliwa glaida leo anaweza kumaliza chuo kikuu mnyama akiwa bado hai. Nani atakayekuwa akimlisha?

Sheria hazifanani. Ndugu zetu walioko Marekani wajue kwamba California, Alaska na Hawaii zinakataza kumfuga, na jiji la New York pia. Australia, nyumbani kwake, huwezi kumwokota msituni ukaenda naye nyumbani. Majimbo mengine yanatoa leseni, mengine hayaruhusu kabisa.

Waliotoroka huko Tasmania

Je, wajua kwamba glaida, mnyama huyu wa kubembelezwa, ni tishio kubwa kwa kasuku mmoja aliye hatarini kutoweka? Kisa hiki kinanihuzunisha.

Kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia, hakikuwa na glaida. Tangu mwaka 1835 watu walianza kuwaleta kutoka Port Phillip, upande wa pili wa mlango wa bahari. Wengine walitoroka, wakaingia msituni, wakakuta miti ile ile waliyoizoea. Kwa muda mrefu wengi walidhani glaida ni wenyeji wa kisiwa hicho, mpaka uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulipothibitisha kwamba ni wageni.

Kasuku ninayemtaja ni mdogo, wa kijani na mwekundu usoni, jina lake la kisayansi Lathamus discolor. Huhama kila mwaka: majira ya baridi huyamaliza bara, kisha huvuka bahari na kurudi Tasmania kuzaa, kwa sababu hazai kwingine kokote duniani. Hutaga kwenye mapango ya miti. Jike huatamia usiku, peke yake, gizani, na pango lina mlango mmoja. Glaida akiingia, jike hana pa kutokea. Huliwa yeye, yakaliwa mayai yake. Watafiti walipoweka kamera waligundua kwamba katika baadhi ya maeneo zaidi ya nusu ya majike yanayoatamia yanauawa namna hii, na mwaka 2015 kasuku huyu aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kwenye visiwa vidogo vya Bruny na Maria, ambako glaida hawajafika, viota vinasalimika.

Dawa mojawapo waliyoibuni ni kimlango kidogo chenye kihisio cha mwanga, kinachofungwa kwenye sanduku la kutagia. Jua likizama kinajifunga na jike kubaki ndani salama. Kukipambazuka kinafunguka.

Glaida hana hatia. Anakula apatacho. Ila ukataji wa misitu umezidisha balaa, maana mapango ya kukimbilia yamekuwa machache.

Pango la miaka mia

Hapo kwenye mapango ndipo penye uzito kuliko ninavyoweza kueleza kwa aya moja. Huku kwetu kigong'ota hutoboa mti mkavu, na baada ya msimu mmoja tundu linapata wapangaji. Australia haina kigong'ota hata mmoja. Pango la mti huko linatengenezwa na kuvu, mchwa, moto na tawi lililovunjika, taratibu, na mara nyingi mti hupita umri wa miaka 100 kabla haujapata pango la kumtosha mnyama. Ukikata mkaratusi mzee umebomoa nyumba ambayo wajukuu wako hawataishi kuiona ikijengwa tena. Masanduku ya mbao yaliyotundikwa mitini husaidia, na glaida huyakubali haraka.

Barabara nazo zimekata misitu vipande. Mahali ambapo pengo limekuwa pana kupita uwezo wa mruko, Waaustralia wamesimamisha nguzo ndefu za mbao pembeni na katikati ya barabara kuu. Glaida wa jamii mbalimbali hupanda nguzo, huruka hadi nguzo ya pili, kisha ng'ambo, malori yakipita chini yao.

Jina ambalo bado halijatolewa

Mpaka hivi karibuni vitabu vilisema glaida ni spishi moja iliyoenea kuanzia kusini mwa Australia hadi New Guinea na visiwa vya jirani. Mwaka 2020 wanasayansi waliochunguza vinasaba na mafuvu ya glaida wa Australia walitangaza kwamba waliokuwa wakiitwa jina moja ni watatu. Petaurus breviceps halisi anaishi ukanda wa pwani ya mashariki, kati ya milima na bahari. Petaurus notatus ameenea eneo pana zaidi, na Petaurus ariel ni wa savana za kaskazini. Ina maana eneo la yule wa kwanza ni dogo kuliko ilivyodhaniwa, na sehemu ya misitu yake ndiyo iliyoteketea katika moto mkubwa wa 2019 na 2020. Idadi iliyoonekana kuwa ya kutosha ilikuwa imehesabu viumbe watatu kama mmoja.

Na wale wa vizimbani? Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofuata asili ya glaida wanaofugwa Marekani. Wauzaji wengi huwatangaza kama wanyama wa Australia, lakini vinasaba vilionyesha kwingine: eneo la Sorong, kwenye ncha ya magharibi ya New Guinea, upande wa Indonesia. Huko ndiko mababu zao walikokamatwa na kusafirishwa. Wale watatu waliotenganishwa mwaka 2020 ni wa Australia, hivyo glaida anayelala mchana huu ndani ya kifuko cha kitambaa huko Chicago au Houston hakuguswa na mgawanyo huo. Ataamka jua likizama, atajichana kwa mguu, atanusa hewa ya chumba, na jina analoitwa bado ni la jamaa yake wa ng'ambo ya bahari.